Kabla Hujapasua Injini

Pita kwenye vijiwe vya mafundi pikipiki, iwe Mbagala, Mwanjelwa au Ngarenaro, hukosi kukuta injini iliyopasuliwa. Gia zimelala kwenye karai la petroli, boliti zimo kwenye kopo la rangi, na dereva kakaa juu ya tairi kuukuu anawaza siku ambazo hatapeleka hesabu kwa tajiri. Ukiuliza kulikoni, jibu ni fupi: gia zinagoma.

Jibu hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi gia zenyewe hazina kosa. Gia boksi ya pikipiki ndogo ni miongoni mwa sehemu zinazodumu kuliko nyingi katika chombo kizima. Chuma chake ni kigumu, inaogelea kwenye oili, na ikitunzwa inaweza kuzeeka pamoja na fremu. Kinachochoka mapema ni vilivyoizunguka: waya wa klachi, pleti, springi, cheni, kanyagio, na oili yenyewe. Lakini vyote hivyo vikiharibika hulalamika kwa sauti moja, na dereva anayesikia "kruu" chini ya mguu wa kushoto hana namna ya kujua kama anayelia ni gia au ni jirani yake. Fundi mwenye haraka anaamini anachoambiwa, anashusha injini. Siku mbili zinapita, gasketi zimechanika, ubavu wa injini umepakwa silikoni, na pikipiki inarudi barabarani ikiwa na ugonjwa uleule pamoja na uvujaji wa oili ambao haukuwepo.

Pikipiki ninazozisema hapa ni zile zilizozeekea kazini. Ziko CG125 za Honda na jamaa zake wa Kichina walioingia kwa wingi miaka ya 2000, akina Sanlg, T-Better na Fekon. Ziko pia Boxer na TVS za India ambazo mita zake zimekufa zamani na hakuna ajuaye zimetembea kilomita ngapi. CG125 ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na Honda waliiunda wakizilenga nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kupata matunzo haba. Ndiyo maana valvu zake huendeshwa na fimbo za kusukuma na si cheni ya ndani, na ndiyo maana haina filta ya karatasi ya kubadilisha. Oili husafishwa kwa chujio la waya na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, uchafu ukatupwa pembeni. Viwanda vya China viliuchukua muundo huo. Fundi aliyeielewa CG moja ameielewa sehemu kubwa ya pikipiki zilizopita mikononi mwa bodaboda wetu.

Tuingie ndani kidogo, maana bila hapo dalili hazisomeki. Katika gia boksi kuna shafti mbili zilizolala sambamba, na juu yake jozi nne au tano za gia. Kila jozi imeumana muda wote, iwe uko frii au uko namba tatu. Wengi hudhani ukikanyaga, gia moja inaachana na mwenzake na kwenda kuuma nyingine. Sivyo. Katika kila jozi, gia moja imefungwa kwenye shafti yake na mwenzake anazunguka bure. Kinachosogea ni gia ya kuteleza yenye meno manene ubavuni, na inasogea milimita chache tu. Meno hayo ya ubavuni yakiingia kwenye nafasi za gia jirani, gia hiyo inafungwa kwenye shafti, nguvu inapita, pikipiki inakwenda. Anayeisogeza ni uma wa chuma. Uma nao unasukumwa na ngoma yenye mifereji, ngoma inazungushwa na mkono unaotoka kwenye kanyagio, na kwenye ncha ya ngoma kuna nyota yenye mabonde. Kijigurudumu chenye springi kinakaa kwenye bonde la nyota na kuishika ngoma pale ilipowekwa.

Kwa hiyo malalamiko ya gia yana njia ndefu ya kupita: mguu, kanyagio, shafti ya gia, mkono, nyota, ngoma, uma, meno ya ubavuni. Pembeni ya njia hiyo yuko klachi, ambaye kazi yake ni kukata nguvu ya injini ili meno yaingie bila kugombana. Asipokata, hata gia boksi mpya kutoka kiwandani itapiga kelele.

Fundi anayeijua kazi haanzi na spana, anaanza na maswali.

"Fundi, gia zinagoma."

"Zinagoma zote au moja?"

"Namba mbili inachomoka."

"Ukivuta resi au ukiachia?"

"Nikivuta. Nikiwa na abiria ndiyo kabisa."

"Ilishawahi kuanguka?"

"Mwezi uliopita, kidogo tu, kaka."

"Na oili ulibadilisha lini, uliweka gani?"

Majibu hayo manne au matano yana thamani kuliko saa nzima ya kufungua nati. Gia moja ikisumbua na nyingine zikawa salama, shaka inaelekea ndani, kwenye gia hiyo au uma wake. Zikisumbua zote, shaka inatoka nje, kwenye klachi, kanyagio au nyota. Tatizo likianza asubuhi injini ikiwa ya baridi kisha likapotea, chunguza oili nzito na pleti zilizogandana. Likianza injini ikishapata moto kwenye foleni, klachi inajieleza yenyewe. Na likianza siku ileile pikipiki ilipotoka kwa fundi mwingine, anza na kile alichokigusa.

Kipimo kimoja nakithamini kuliko vyote kwa sababu hakihitaji chombo chochote. Umesimama kwenye taa, injini imepata moto, unatafuta frii huipati. Unakanyaga namba moja, unainua namba mbili, taa ya kijani haiwaki. Zima injini. Ukiwa umekaa palepale, gusa kanyagio tena. Frii ikiingia kirahisi mara tu injini inapozimwa, gia zako zina uwezekano mkubwa wa kuwa salama. Klachi haiachii. Umekamua mkono wote lakini pleti bado zinasuguana na kuizungusha shafti, na shafti inayosukumwa haimruhusu mtu kuchomoa meno yaliyobanwa. Dereva aliye katika hali hii utamwona pia akiweka namba moja: pikipiki inaruka mbele na kupiga "tak" hata kabla hajaachia mkono.

Basi mtazame mkono huo wa klachi. Kwenye ncha yake inatakiwa kuwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kabla hujahisi springi zikikataa. Ukizidi, klachi haikati vizuri na gia zinakwaruza. Usipokuwepo kabisa, ugonjwa unageuka: klachi haishiki, pleti zinateleza, injini inalia na pikipiki haiongezi mwendo. Huo nao huletwa kwa fundi ukiitwa gia mbovu, kumbe gia hazijaguswa. Kuuthibitisha, tembea kwenye gia ya juu kwa mwendo wa wastani kisha vuta resi ghafla. Sauti ya injini ikipanda peke yake huku mwendo ukibaki ulipo, klachi ndiyo inayoteleza.

Waya ni wa bei ndogo na ndio unaosahaulika. Ukaguliwe ncha zote mbili, maana nyuzi hukatika moja moja ndani ya kichwa chake, na kila uzi unaokatika unauongeza urefu. Ganda la nje likikunjwa chini ya tangi au kuungua karibu na ekzosi, mkono unakuwa mzito na haurudi sawasawa. Wakati mwingine waya ni mzima, lakini mkono mdogo unaouvuta pale kwenye injini umekauka kwa kutu na matope ya masika. Tone la oili na dakika tano za kuuchezesha huondoa tatizo ambalo lilikuwa linaelekea kupasua injini.

Hapo hapo nje, shika kanyagio la gia na ulitikise. Shafti inayoliingia ina meno madogo ya kuzunguka, na boliti yake ikilegea kwa miezi kadhaa meno hayo hulika. Dereva anakanyaga, kanyagio linazunguka robo, shafti haiendi, na yeye anasema gia imegoma kuingia. Pikipiki ikiwa imeangukia kushoto, kanyagio hupinda na kugusa injini au kikanyagio cha mguu, halifiki mwisho wa safari yake, na gia inaishia katikati. Kuna desturi ya kulichomelea kanyagio kwenye shafti ili lisiteleze tena. Naipinga kwa nguvu zote. Moto wa kuchomelea unaunguza sili ya oili iliyo nyuma yake, na siku ya kuvua kava ya kushoto italazimu kukata kwa grinda. Kanyagio jipya ni nafuu kuliko shafti.

Cheni nayo ina udanganyifu wake. Sproketi ya mbele iliyolika hadi meno yakawa kama ndoano huiacha cheni ipande na kuruka meno pale unapovuta resi ukiwa na mzigo. Mguuni unasikia mshtuko na chini unasikia "krak", na ungeapa kwamba gia imechomoka. Tofauti yake ni hii: gia ikichomoka, injini inapaza sauti kwa sababu haina mzigo tena, na mara nyingi unabaki kwenye frii ya uongo hadi ukanyage upya. Cheni ikiruka, nguvu inarudi papo hapo bila kugusa kanyagio. Nenda nyuma ya sproketi kubwa, ikamate cheni na uivute kuelekea nyuma. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, cheni imekwisha, na sproketi zote mbili ziende nayo.

Kuhusu oili nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wanaumizwa dukani. Katika pikipiki hizi oili ni moja tu, na inafanya kazi tatu: inalainisha injini, inapoza klachi inayofanya kazi ikiwa imelowa, na inayalinda meno ya gia ambayo huisaga bila huruma. Oili za magari madogo, hasa zinazotangazwa kuokoa mafuta, mara nyingi zina viungo vya kupunguza msuguano. Kwa gari ni sifa, kwa klachi ya pikipiki ni sumu, kwa kuwa klachi inaishi kwa msuguano. Wajapani waliweka kipimo cha JASO kwa ajili hiyo mwaka 1998, na kwenye kopo utakuta herufi MA au MA2 kwa pikipiki zenye klachi ya kulowa. MB si ya kwako, ni ya skuta. Unene wa 20W-50 unafaa joto letu la pwani kwa injini kuukuu, lakini kitabu cha pikipiki ndicho chenye neno la mwisho. Anayetembea kilomita mia kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi mmoja, hivyo asingoje oili iwe nyeusi kama lami. Wako pia wanaomimina oili ya gia namba 90 ili kelele ziishe. Kelele zinapungua, ni kweli, lakini oili ile nzito inachelewa kupanda kwenye kichwa cha injini na inazigandisha pleti asubuhi. Umenunua ukimya wa muda kwa gharama ya injini.

Oili ikimwagwa, usiitupe kabla ya kuisoma. Imimine kwenye karai safi juani na upapase nati ya chini kwa kidole. Ukungu wa kijivu laini kama unga wa penseli ni wa kawaida kwa chombo kilichotembea. Vipande vya aluminiamu vinavyong'aa huashiria hauzingi ya klachi au kava inayokwaruzwa. Kipande cha chuma kigumu chenye kona, kinachong'ang'ania sumaku, ni habari mbaya: hicho ni jino, au ubavu wa jino. Ukikipata, usitembeze tena.

Nje kukiwa salama, pandisha pikipiki kwenye stendi ya kati ili tairi la nyuma lielee, injini ikiwa imezimwa. Zungusha tairi kwa mkono mmoja polepole huku mkono mwingine ukipandisha gia moja moja. Usilazimishe gia wakati tairi limetulia, kwa sababu meno ya ubavuni yakigongana uso kwa uso hayataingia hata kwenye pikipiki mpya. Ni lazima tairi litikisike ili yapate nafasi. Kila gia iingie kwa mlio mmoja safi, na kanyagio lirudi lenyewe katikati. Gia zote zikiingia hivi kwa utulivu, ilhali barabarani zinagoma, una sababu nzito ya kurudi kwenye klachi. Kanyagio lisiporudi, springi ya kurudisha imekatika au pini inayoishikilia imelegea. Gia zikipanda lakini zisishuke, mkono wenye kucha unaoivuta nyota umelika au umepinda. Na habari njema kwa wenye CG ni kwamba mkono huo, springi yake, nyota na kile kijigurudumu viko nyuma ya klachi, upande wa kulia. Vinafikika kwa kuvua kava na klachi tu. Injini inabaki kwenye fremu.

Hapo kwenye kava ya kulia ndipo ningependa kila dereva asimame na kutazama kwa macho yake. Klachi ikitolewa, mwombe fundi akupe hauzingi mkononi, ile bakuli ya aluminiamu yenye vidole vinavyosimama kuzunguka. Pitisha ukucha kwenye pande za vidole hivyo. Kwenye klachi nzima ukucha utateleza. Kwenye iliyochoka utakwama kwenye makato, moja kwa kila pleti, yamepangana kama ngazi. Ukikamua klachi, pleti zinatakiwa kuteleza kwenye vidole hivyo na kuachana. Zikikuta makato zinakwama humo na kuendelea kushikana. Makato madogo husawazishwa kwa tupa laini, kwa uangalifu, kila kidole sawa na mwenzake. Yakiwa marefu, tupa itaacha ulegevu, kwa hiyo hauzingi ibadilishwe. Kisha chukua pleti za chuma, uzilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha. Inayocheza imepinda kwa moto. Ukitumia kipimo cha majani, nafasi inayozidi milimita 0.2 inatosha kuikataa. Pleti mpya zenye msuguano zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa, jambo linalorukwa kila siku kijiweni. Nati ya katikati ya klachi ikazwe inavyopaswa, maana nayo ikilegea klachi nzima inayumba na dalili zote hurudi.

Sasa imebaki ile gia inayochomoka. Ikiwa gia zote zinachomoka, nyota imelegea au springi ya kijigurudumu imechoka, na umekwisha kuiona. Ikiwa ni moja tu, na waya, klachi, cheni, oili na nyota vimetakaswa, basi hapo, na hapo tu, fundi anayo haki ya kuipasua injini.

Mara nyingi atakuta ni namba mbili. Kutoka moja kwenda mbili ndiko kwenye pengo kubwa la mwendo kati ya gia na gia, na kwenye pikipiki ambazo frii iko katikati yao, uma una safari ndefu zaidi. Meno ya ubavuni yanapotengenezwa huchongwa yakilala kidogo kwa ndani, ili mzigo ukija yavutane na kukazana. Dereva anayebadilisha bila kukamua klachi, anayepumzisha mguu juu ya kanyagio mchana kutwa, anayebeba mishikaki ya watu watatu kwenye mlima, huyakwangua kona zake mpaka yanakuwa duara. Jino la duara halivuti tena, linasukuma. Mzigo ukija linajitoa lenyewe, na uma unaolizuia unasuguliwa mpaka unaungua rangi ya bluu na kupinda. Kwa dereva anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Soni na abiria nyuma, gia inayochomoka inamwondolea breki ya injini kwenye kona, akabaki na breki za matairi zilizokwisha pata moto. Huyo asiambiwe avumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Kubadilisha gia moja peke yake kwa sababu ndiyo iliyolika ni hela iliyotupwa. Gia inayoteleza na jirani yake anayeumana naye ubavuni hulika pamoja, na jino jipya likikutana na duara la zamani litakuwa duara katika miezi michache. Vibadilishwe viwili hivyo pamoja na uma wao, na vile vipete vya kuzuia vinavyobana gia kwenye shafti viwe vipya, visikunjuliwe na kurudishwa. Kabla ya kufunga nusu mbili za injini, fundi azungushe shafti kwa mkono na kuipandisha ngoma kutoka gia ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi, injini ikiwa bado mezani. Gia yoyote itakayokataa mezani itakataa barabarani. Ikikubali, ifungwe kwa gasketi, si silikoni peke yake, iwekwe oili mpya ya MA, na oili hiyo imwagwe baada ya kilomita mia chache ili unga wa chuma kipya utoke nayo.